Friza ya mama karanga: mkopo mdogo ulivyoshtakiwa redioni na ulivyotetewa

Kisa chenyewe ni kifupi. Mama karanga mmoja wa Likoni, Mombasa, mwanamke anayenunua samaki asubuhi, akawakaanga na kuwauza barazani jioni, alichukua mkopo wa shilingi 30,000 kutoka taasisi ya mikopo midogo kupitia kikundi cha wanawake kumi na wawili. Miezi saba baadaye wenzake wa kikundi waliingia kwake wakaondoka na friza na televisheni. Haukupita muda habari ikawa redioni, kipindi cha asubuhi, saa ambayo kila matatu inayoelekea feri imefungulia stesheni ile ile. Taasisi inawanyonya akina mama. Inatoza riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Inawapora maskini vyombo vyao. Simu zikamiminika, na msikilizaji mmoja akaiita "mikopo ya mauti". Maneno hayo ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu wiki nzima.

Taasisi iliandaa barua ya kujibu. Meneja wa tawi, ambaye tumefahamiana tangu sote tukiwa maafisa wa mikopo, alinipa rasimu niisome kabla haijatoka. Karibu kila sentensi ya rasimu ile ilikuwa kweli kwa mujibu wa makaratasi, na karibu kila moja ingewazidishia watu hasira. Taasisi sitaitaja, stesheni sitaitaja, na mambo ya kumtambulisha yule mama nimeyabadilisha.

Niseme mapema nilipo: mimi ni mtetezi wa mikopo midogo. Nimeona vikundi vingi vya Likoni na Kisauni vikikopa, vikilipa na kukopa tena, na sijawahi kuamini kwamba wanawake wale wote ni wajinga wasiojua wanachokifanya. Ila utetezi ninaouamini ni mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye barua, na ndiyo maana unabeba uzito.

Asilimia 20 ya nini?

Mtangazaji alisema asilimia 20 kwa mwezi. Si kweli. Kitabu cha mkopo kilikuwa wazi: asilimia 20 kwa mwaka, rejesho la 3,000 kila mwezi kwa miezi 12, jumla 36,000. Ingekuwa 20 kwa mwezi, riba peke yake ingefika 6,000 kila mwezi na kikundi kisingemaliza hata robo mwaka. Hilo ni kosa kubwa la kihabari, na meneja alikuwa na haki ya kukasirika.

Tatizo ni jibu lake. Rasimu ilisema: "Riba yetu ni asilimia 20 tu kwa mwaka." Riba ile hupigwa juu ya 30,000 yote kwa mwaka mzima, ilhali mkopaji ameanza kurejesha tangu mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa sita nusu ya deni imeshalipwa, na bado analipia riba kana kwamba 30,000 yote iko mkononi mwake. Ukihesabu kwa salio linalopungua, kama benki inavyofanya kwa mkopo wa nyumba, inakuja karibu asilimia 35. Na haiishii hapo. Siku ya kupokea pesa, yule mama alikatwa 3,000 za akiba ya lazima ambazo haruhusiwi kuzigusa hadi amalize deni, na 900 za ada na bima. Aliondoka na 26,100. Mkopo wa 26,100 unaorejeshwa kwa 3,000 mara kumi na mbili, hata akirudishiwa akiba yake mwishoni, unakaribia asilimia 50 kwa mwaka.

Kwa hiyo redio ilitangaza kitu sawa na asilimia 240 kwa mwaka, barua ikataka kusema 20, na hesabu inasema karibu 50.

"Bwana, ukiandika hamsini umetumaliza," meneja aliniambia.

Nikamjibu kwamba mwalimu yeyote wa hesabu akipiga simu kwenye kipindi kile akaitaja yeye, hapo ndipo watakapokwisha, maana hata lile kosa la mtangazaji litasahaulika. Hamsini inaweza kutetewa. Ishirini ya uongo haiwezi.

Inatetewa vipi? Kwanza kwa mwendo wa pesa za mama karanga. Siku njema ananunua samaki wa 3,000, anauza kwa 3,700 hivi, na baada ya mafuta, makaa na nauli anabaki na 350. Mtaji ule ule unazunguka tena kesho. Akifanya kazi siku 26 anapata 9,100, na rejesho ni theluthi moja ya hizo. Mwenye nyumba ya kupangisha Nyali akikopa kwa asilimia 50 atafilisika, kwa sababu pesa zake huzaa polepole. Za mama karanga huzunguka kila siku. Kinachomuumiza ni kukosa mtaji asubuhi boti zinapoingia. Bei ya mtaji huo huja baadaye.

Pili kwa gharama. Afisa hutumia miguu ile ile, fomu zile zile na simu zile zile kufuatilia 30,000 sawa na anayefuatilia milioni tatu. Katika zile 6,000 za riba mnatoka mshahara wake, nauli, kodi ya ofisi, bei ya pesa ambazo taasisi yenyewe imekopa, na hasara ya wasiolipa. Kenya tumeshajaribu kupunguza bei kwa amri. Kuanzia Septemba 2016 sheria iliwazuia mabenki kutoza zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mabenki yakaona afadhali kuikopesha serikali, wafanyabiashara wadogo wakafungiwa mlango, na kikomo kikaondolewa Novemba 2019. Katika miaka ile ile mikopo ya simu ilistawi kama magugu.

Tatu, na hapa ndipo kipindi kile kilipopwaya kabisa, hakuna aliyeuliza: ghali kuliko nini? Vyama vyetu vya kukopeshana mezani, tunavyovisifu na vinastahili sifa, aghalabu hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Ni kweli faida hurudi kwa wanachama, lakini anayekopa ndiye anayeitoa. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Na yuko tajiri wa samaki, anayekupa mzigo kwa mali kauli, jioni unamlipa kwa bei aliyoipanga yeye, na kesho huna ruhusa ya kununua kwa mwingine. Riba yake haijaandikwa popote, kwa hiyo hakuna redio itakayoitangaza.

Kuna waliopiga simu wakasema riba ni riba, iwe 20 au 2, na ni haramu. Mjini kwetu huwezi kulikwepa hilo, na rasimu ililikwepa. Taasisi haiwezi kulijibu kwa hesabu, wala haifai kujaribu. Inachoweza ni kutoa njia nyingine. Tangu 2008, zilipofunguliwa Gulf African Bank na First Community Bank, Wakenya wameona benki zikifanya kazi kwa murabaha: benki inanunua kitu, inakuuzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, unalipa pole pole. Kwa friza ya mtumba hilo linawezekana kabisa.

Kusi

Sasa nije kwenye jambo ambalo redio haikuligusa na barua haikulijua, nalo kwa maoni yangu ndilo lililomwangusha yule mama.

Mkopo aliuchukua Februari. Bahari ya kaskazi imetulia, samaki ni wengi, bei iko chini. Alinunua friza kwa akili nzuri tu: ahifadhi samaki wakiwa rahisi, auze wakiadimika. Miezi miwili ya mwanzo alilipa kabla ya tarehe. Kuanzia Aprili kusi ikaingia. Anayeishi pwani hahitaji kuelezwa: upepo, mawimbi, madau yamevutwa ufukweni, na kijisamaki kinachopatikana kinagombaniwa na hoteli. Siku zake za kazi zilishuka kutoka 26 hadi kama 12 kwa mwezi. Kumi na mbili mara 350 ni 4,200. Toa rejesho la 3,000, zinabaki 1,200 za nyumba nzima mwezi mzima. Friza ingemsaidia kama ingekuwa imejaa, lakini mtaji wa kuijaza ulikuwa mdogo, na stima ilipopotea usiku mzima alipoteza nusu ya alichokuwa nacho.

Ratiba ya mkopo haikujua lolote kuhusu kusi. Ilitaka 3,000 Machi na 3,000 Juni.

Juni akakopa 5,000 kwenye simu ili alipe kikundi. Julai akakopa kwenye programu nyingine ili alipe ile ya kwanza. Baada ya hapo hakuna hesabu inayosimama. Kwenye simulizi yake redioni, ukisikiliza vizuri, vitisho vya usiku na meseji walizotumiwa jamaa zake vilitoka kwa wale wa programu. Lakini mtangazaji alivichanganya vyote katika chungu kimoja: taasisi yenye leseni, mkopeshaji wa simu na wenzake wa kikundi, wote wakawa "hawa watu wa mikopo". Sheria inawatofautisha. Taasisi zinazopokea akiba za watu zina sheria yake ya 2006. Wa programu walikuwa hawana mwenyewe hadi Benki Kuu ilipopewa mamlaka juu yao mwishoni mwa 2021, na kanuni za 2022 zinawakataza kutisha mdaiwa au kumwaibisha kwa watu walio kwenye simu yake. Mwandishi anayevichanganya humwonea mmoja na kumfichia mwingine.

Hata hivyo, chanzo cha kukimbilia simu kilikuwa ratiba, na ratiba ni ya taasisi. Wataalamu wameshalipima jambo hili. Katika jaribio lililofanyika Kolkata, India, likachapishwa 2013, wakopaji waliopewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza waliwekeza zaidi kwenye biashara zao na miaka mitatu baadaye walipata faida kubwa kuliko wenzao. Pia walioshindwa kulipa waliongezeka. Yaani kulegeza ratiba kuna bei, na mkopeshaji asiyetaka kuilipa ana sababu yake. Ila aiseme sababu hiyo waziwazi, asijifiche nyuma ya "mteja alishindwa kuwajibika".

Nani aliichukua friza

Rasimu ilisema: "Taasisi haikuchukua mali yoyote ya mteja." Kweli. Waliochukua ni wanachama, kwa makubaliano ya kudhaminiana ambayo yeye mwenyewe aliyatia sahihi, friza ikiwa imeorodheshwa kwenye fomu.

Nilikwenda kumwona mwenyekiti wao, mtu mzima, anauza mahamri na mbaazi karibu na kituo. Nilimwamkia, akanivutia kigoda.

"Mwanangu," alisema, "mwezi wa kwanza aliposhindwa tulimlipia. Wa pili tukamlipia. Mia mbili sabini na kitu kila mtu, na mimi hapa namsomesha mjukuu. Hilo mbona halikutangazwa?"

Nikamuuliza, "Na hiyo friza, mama, nani alitoa shauri?"

Akakoroga mbaazi kwanza. "Afisa alikuja mkutanoni akasema hakuna mkopo mpya kwa yeyote mpaka deni lile lilipwe. Hakusema tuchukue friza. Hakutaja friza kabisa."

Hapo pana ukweli wote, na hauchukui upande wa redio wala wa barua. Taasisi haikutia mkono, lakini iliwafungia watu kumi na mmoja mlango kisha ikaondoka. Kudhaminiana ndiko kunakowezesha mtu asiye na hati ya shamba wala hati ya mshahara akopeshwe. Bila hiyo mama karanga hangepata hata shilingi. Na ndiko huko huko kunakogeuza majirani kuwa madalali. Kusema "hatukuchukua sisi" ni kunawa mikono mbele ya watu waliokuona ukiichafua. Kwa upande mwingine, mwandishi aliyepita mlangoni kwa mwenyekiti bila kumuuliza aliwafuta wanawake kumi na mmoja waliolipa deni la mwenzao kutoka mifuko yao. Nao pia ni maskini, kama kigezo ni hicho.

Ahadi

Sentensi iliyoniudhi kuliko zote ilikuwa ya mwisho: kwamba taasisi "imewatoa wanawake wengi katika lindi la umaskini". Hii ndiyo fimbo ambayo wakopeshaji huwachongea waandishi wa habari. Ukiahidi kuondoa umaskini, mama karanga mmoja aliyepoteza friza anatosha kukuumbua.

Imeshatokea kwa wakubwa. Muhammad Yunus na Grameen Bank ya Bangladesh walipata Tuzo ya Nobel ya Amani 2006, na sifa zilikuwa za kuumaliza umaskini. Mwishoni mwa Novemba 2010 televisheni ya Norway ikaonyesha filamu iliyouliza mambo mawili: je, pesa za wafadhili, karibu dola milioni 100, zilihamishwa isivyo halali 1996 kwenda kampuni dada, na je, wanawake waliokopa wamepata nafuu kweli? Serikali ya Norway ilichunguza, na kabla Desemba haijaisha ikasema haikuona dalili ya wizi wala rushwa. Watetezi wakashangilia. Lakini lile la pili halikujibiwa na uchunguzi ule, nao wakajifanya limejibiwa. Mwaka uliofuata Yunus aliondolewa kwenye benki yake kwa hoja ya umri.

Jibu la lile la pili lilikuja taratibu. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zikilinganisha waliofikishiwa mikopo na wasiofikishiwa. Mapato ya kawaida hayakupanda kiasi cha kubadilisha maisha. Wala haukupatikana ushahidi wa maana kwamba mikopo inawazamisha watu kwa jumla. Kilichoonekana zaidi ni uhuru: mtu kuchagua kupanua biashara, kununua kifaa, kupita kipindi kibaya. Magazeti mengi yaliandika kwamba mikopo midogo imeshindwa. Imeshindwa ahadi ya vipeperushi. Mkopo wenyewe ulifanya kile ambacho mikopo hufanya.

Na nini hutokea ikiondolewa? India ilituonyesha. Oktoba 2010 jimbo la Andhra Pradesh, baada ya habari za wakopaji kujiua na baada ya kampuni kubwa ya mikopo, SKS, kuuza hisa zake kwa kishindo Agosti mwaka huo, lilitoa amri iliyosimamisha kazi hiyo karibu kabisa. Malalamiko hayakuwa ya uzushi: watu walikuwa wamerundikiwa mikopo na makampuni yaliyoshindana kukua. Lakini wakopeshaji wale wale walifanya kazi majimbo mengine pia, na huko, ambako hakuna aliyekuwa amelalamika, pesa zilikauka. Utafiti uliochapishwa 2021 uliyafuatilia maeneo hayo ukakuta ujira wa vibarua umeshuka na matumizi ya nyumbani yamepungua, hata kwa watu ambao hawakuwahi kukopa. Ningekuwa na dakika tatu tu redioni, ningezitumia kueleza hilo.

Barua iliyotoka

Meneja alikubali kuandika upya, baada ya kubishana na makao makuu kwa siku kadhaa. Barua mpya ilianza na shilingi, ikaacha asilimia kwa baadaye: alipokea 26,100, alitakiwa kurejesha 36,000, atarudishiwa 3,000 za akiba. Ikasahihisha lile la 20 kwa mwezi bila matusi. Ikasema wenzake walimlipia miezi miwili, na kwamba shinikizo la kufungiwa mikopo lilitoka ofisini. Ikamwomba mtangazaji amwalike mwenyekiti. Neno umaskini halikuwemo. Ule mstari wa asilimia 50 makao makuu waliukata, wakaweka 35 na maneno "kabla ya ada". Si vibaya sana, ingawa ningepigania zaidi.

Mwenyekiti alialikwa, akaongea vizuri kuliko yeyote kati yetu, na siku hiyo waliopiga simu walianza kubishana wao kwa wao badala ya kukubaliana wote. Stesheni haikusahihisha kosa la riba kwa sauti ya mtangazaji. Iliisoma tu barua. Friza ilirudi kwa mwenyewe baada ya kikundi na taasisi kukubaliana deni lipangwe upya hadi Desemba, bahari ikishatulia. Deni la programu bado analo.

Lililobaki ni ratiba. Nilipendekeza mikopo ya wauza samaki ilipwe kidogo kuanzia Aprili hadi Agosti na zaidi miezi ya kaskazi, jumla ikiwa ile ile. Makao makuu wakajibu kwamba programu yao ya kompyuta haikubali marejesho yasiyolingana, na kwamba mkaguzi ataona deni limechelewa. Meneja ameandika tena, safari hii akiambatanisha daftari la mwenyekiti, lenye tarehe ambazo kila mwanachama anayeuza samaki alichelewa kulipa kwa miaka minne. Karibu zote ni za kati ya Mei na Agosti.